Bomba Likibadilishiwa Kazi, Jalada Lake Linabaki kwa Nani?

Mafuta ghafi hayana soko la uchochoroni. Mtu akitoboa bomba usiku akakuta yale meusi, atahangaika nayo mpaka kuche. Hakuna dereva wa kuyapokea. Dizeli ni habari nyingine. Ikichotwa saa nane usiku, alfajiri imo ndani ya tangi la Fuso linalopandisha Kitonga, na hakuna askari wa barabarani anayeweza kuitofautisha na ya kituoni.

Naanzia hapo kwa sababu ya bomba la TAZAMA, ambalo Watanzania wengi huwa tunalisahau mpaka tusikie Zambia imetajwa. Ni kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola. Lilijengwa kwa haraka baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wake kule Rhodesia mwaka 1965 na Zambia kujikuta njia yake ya kusini imeingia matatani, na mwaka 1968 likaanza kusukuma. Mwanzoni lilibeba mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Indeni kilipofunguliwa Ndola mwaka 1973 likageuzwa kuwa la mafuta ghafi, na kazi hiyo likaifanya kwa karibu miaka 50. Indeni kiliposimama mwishoni mwa 2021, bomba likasafishwa, likageuzwa tena, na mwaka 2023 likaanza kupeleka dizeli iliyo tayari kuingia kwenye injini.

Kiuchumi sina ugomvi na uamuzi huo. Kusafirisha dizeli kwa bomba ni nafuu kuliko kwa malori, na barabara yetu ya kwenda Tunduma inahitaji kupumua. Lakini bomba lililobadilishiwa mzigo huwa limebadilishiwa pia maradhi. Dizeli ni nyepesi, kwa hiyo tundu ambalo mafuta mazito yangelipitia kwa kusuasua, yenyewe inalipita kwa raha. Mabaki yaliyoganda ukutani kwa miongo mitano yanaanza kubanduka. Mitambo ya kupima uvujaji, iliyozoea tabia ya mzigo wa zamani, inabidi ifundishwe upya. Na juu ya yote, mwizi ambaye jana hakuwa na sababu ya kulisogelea, leo anayo. Chuma ni kile kile cha enzi za Mwalimu na Kaunda. Hatari zake ni za juzi.

Hili ndilo ninalotaka tulizungumze, kwa sababu halihusu TAZAMA peke yake. Sekta ya nishati ya ukanda wetu inabadilika kwa kasi, na kila badiliko linapotangazwa, tunaambiwa habari za megawati, mapipa na gawio. Hakuna anayesimama jukwaani kusema bomba fulani lilikaguliwa lini kwa ndani, likakutwa na nini, na nani alitia saini kwamba linaifaa kazi mpya.

Chukueni bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam. Lilizinduliwa Oktoba 2015, Rais Kikwete akiwa anamalizia muda wake. Ni bomba la inchi 36, lililojengwa na kampuni za Kichina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na uwezo wake ni futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Wananchi wa Mtwara walikuwa wamelipinga kwa maandamano na vurugu mwaka 2013, wakitaka gesi ibaki kwao. Watu walikufa, nyumba zikachomwa. Bomba likajengwa hata hivyo, na mteja wake mkubwa akawa mitambo ya kufua umeme, kwa sababu kwa miaka kadhaa umeme wetu ulitegemea gesi zaidi ya kitu kingine chochote.

Sasa Bwawa la Julius Nyerere limekamilika na megawati zake 2,115. Msimu wa maji mengi, TANESCO haina haja ya kuchoma gesi kama zamani. Gesi inatafutiwa wateja wengine: viwanda, majumbani, bajaji na magari yanayopanga foleni kwenye vituo vichache vya kujazia. Kwa masikio ya wengi, bomba kupitisha gesi pungufu ni kama limepewa likizo. Mafundi hawaoni hivyo.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapofichika. Bomba lililozikwa ardhini huwezi kulitazama kwa macho. Linakaguliwa kwa kuingiza ndani yake chombo kirefu kiitwacho pigi, kinachobana ukuta wa bomba pande zote na kusukumwa na gesi au mafuta yenyewe. Kwanza hutangulia pigi la kusafisha, lenye brashi na diski za mpira. Likifika mwisho wa safari, mafundi wanafunga valvu, wanashusha presha taratibu, wanafungua mlango wa chuma wa chumba cha kulipokelea, na pigi linatolewa likiwa limejipaka vumbi jeusi na uchafu uliosukumwa kutoka makumi ya kilomita. Fundi mzoefu hafurahii tu kwamba limefika. Anaukinga uchafu, anaupima uzito, anachukua kidogo kwenda maabara, kwa sababu uchafu ule ndio unaosema kama ndani mna maji na kama kutu imeanza kula.

Baada ya hapo linaingia pigi lenye akili: sumaku kali na safu ya vihisio vinavyozunguka mwili wake. Sumaku inautia ukuta wa bomba usumaku, na mahali chuma kilipolika, usumaku unavuja na vihisio vinaandika. Linapotoka linaleta orodha ndefu: kasoro moja baada ya nyingine, iko mita ngapi kutoka mwanzo, imekula sehemu gani ya unene, iko juu ya bomba au chini. Zile za chini ndizo hunyima watu usingizi, kwa sababu chini ndiko maji hutuama.

Basi bomba kubwa lenye gesi kidogo huleta taabu mbili kwa mpigo. Mwendo wa gesi ukiwa mdogo, unyevunyevu unatulia kwenye mabonde badala ya kusombwa. Na pigi lenyewe, ambalo halina injini, linakosa msukumo wa kutosha wa kwenda kwa mwendo linaotakiwa. Hivyo bomba lisilofanya kazi sana ndilo linalohitaji uangalizi zaidi, na ndilo hilo hilo ambalo wahasibu watashauri bajeti yake ipunguzwe kwa kuwa mapato yake yameshuka. Sisemi kwamba hilo limeshatokea kwenye vituo vya bomba letu vya Kinyerezi au Madimba. Nasema mwananchi hana pa kulithibitisha wala kulikanusha.

Jirani zetu Wakenya wamelipia somo hili kwa bei kubwa. Bomba lao la kwanza la Mombasa hadi Nairobi, kilomita 450, lilianza kazi mwaka 1978. Septemba 12, 2011, mafuta yalivuja eneo la viwanda Nairobi, yakaingia mfereji wa maji ya mvua na kuteremka hadi mtaa wa mabanda wa Sinai. Watu wakatoka na ndoo na madumu. Moto ulipolipuka, zaidi ya mia moja walikufa, wengine wakiwa wamejitupa mtoni wakidhani maji yatawaokoa, na maji yenyewe yalikuwa na mafuta juu. Taarifa za awali zilitaja gasketi ya valvu iliyoshindwa kuhimili presha. Gasketi! Kitu ambacho fundi wa gereji anakikata kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu.

Kwamba watu walikuwa wamejenga karibu kabisa na mkuza wa bomba haikuwa siri kwa yeyote. Mjadala uliofuata ulikuwa ule ule tuliouona Morogoro mwaka 2019 lori la mafuta lilipopinduka Msamvu: kwa nini maskini wanachota petroli? Swali hilo nimelisikia mara nyingi na limenichosha. Maskini anachota kwa sababu anaona riziki imemjia mlangoni. Aliyetakiwa kujua kwamba riziki ile ni kifo ni yule mwenye mitambo, michoro na mishahara, na alitakiwa kujua kabla ya tone la kwanza kutoka.

Miaka minne baadaye, Mei 2015, bomba lile lile lilivuja Thange, kaunti ya Makueni. Hapakuwa na moto, ndiyo maana wengi wetu hatukusikia. Mafuta yalizama ardhini kimya kimya, yakaingia mto na visima. Wakazi ndio waliotambua kwamba maji yao yamebadilika. Tafakarini hapo: mitambo ya kugundua uvujaji ipo, chumba cha kuongozea mitambo kina watu usiku na mchana, lakini kengele ilipigwa na watu walioenda kuteka maji. Kesi yao ilichukua miaka hadi mwaka 2025 mahakama ilipoamuru walipwe mabilioni ya shilingi.

Na msije mkadhani dawa ni bomba jipya. Kenya ilijenga bomba jipya la inchi 20 kuchukua nafasi ya lile lililochoka, likaanza kazi mwaka 2018. Machi 2019 likavuja Kiboko, Makueni hiyo hiyo. Chuma kipya nacho kinaweza kuchomelewa vibaya, kikakwaruzwa kinaposhushwa mtaroni, au kikalazwa juu ya jiwe lisilotakiwa kuwepo. Ndiyo maana watu wa kazi hii hawauzingatii umri wa bomba peke yake. Huuliza lilichomelewa na nani, picha za maungio ziko wapi, na lilijaribiwa kwa presha gani siku lilipokabidhiwa.

Mwaka 2025 Bunge la Kenya liliidhinisha Serikali iuze asilimia 65 ya hisa zake katika kampuni ya mabomba. Mazungumzo niliyoyafuatilia yalihusu thamani ya kampuni, nani atafaidi, na kama Uganda itapata sehemu yake. Yote ni maswali halali. Lakini mtu wa Dar anayenunua gari lililotumika hulala chini ya uvungu aone kutu, halafu anaomba kitabu cha sevisi; kwa kampuni inayomiliki mamia ya kilomita za chuma kilichozikwa, mnunuzi wa hisa na jirani wa mkuza wanastahili kuonyeshwa zaidi ya vitabu vya hesabu.

Kumbukumbu ndilo jambo ambalo mtu asiye wa fani hulipuuza kirahisi, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Septemba 9, 2010, mjini San Bruno, California, bomba la gesi la inchi 30 lililolazwa mwaka 1956 lilipasuka katikati ya nyumba za watu. Wanane walikufa. Ilichukua dakika 95 kuisimamisha gesi. Wachunguzi walipochimbua wakakuta kipande kile cha bomba kimeungwa kwa vipande vifupi vifupi vilivyochomelewa vibaya, wakati kumbukumbu za kampuni zilisema ni bomba lisilo na mshono kabisa. Kwa zaidi ya miaka 50 wahandisi walikuwa wanapanga presha kwa kutegemea karatasi inayolisifu bomba ambalo halikuwepo. Hiyo ni California, penye pesa, wanasheria na maabara za kila aina. Hebu jiulizeni majalada ya TAZAMA ya mwaka 1967 yako katika hali gani, yamepitia ofisi ngapi, na mangapi yalichukuliwa na mchwa au na mkandarasi aliyemaliza mkataba akaondoka nayo.

Halafu kuna vijiko vya kuchimbia mitaro. Kadiri gesi inavyosogezwa viwandani na majumbani, mabomba madogo yanazidi kupita chini ya barabara za Dar es Salaam, na Dar es Salaam hakuna wiki isiyochimbwa. Leo ni mradi wa maji, kesho ni mkongo wa mawasiliano, keshokutwa ni barabara ya mwendokasi. Dereva wa kijiko analipwa kwa urefu wa mtaro, na ramani aliyopewa, kama alipewa, ni ya mradi wake tu. Mwaka 2004, Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba la gesi lilikwanguliwa na mashine wakati wa ujenzi wa eneo la viwanda. Halikupasuka siku ile. Lilikaa na jeraha lake hadi Julai 30, presha ilipoongezwa, ndipo likafumuka na kuua watu 24, wakiwemo wazima moto waliokuwa wamekwisha kufika kwa sababu ya harufu ya gesi. Kinachotisha katika kisa hicho ni zile siku za katikati. Bomba likikwanguliwa leo, aliyelikwangua ana kila sababu ya kufukia haraka na kunyamaza, hasa kama anajua atakatwa malipo. Kwa hiyo adhabu kali peke yake huzaa ukimya. Panatakiwa namba moja ya simu ya kupiga kabla ya kuchimba, inayojibiwa, na utaratibu ambao dereva wa kijiko akisema "nimeligusa" anashukuriwa, kisha wahandisi wanakuja kupima.

Kuhusu wananchi walio kando ya mkuza, tumefika mahali pazuri kiasi, ingawa ni nusu ya njia. Kwenye mkuza wa gesi kusini, TPDC, shirika letu la petroli, imekuwa ikishirikiana na serikali za vijiji katika ulinzi, na hilo nalisifu bila kusita. Mlinzi wa kijiji anajua nyayo za mgeni kuliko kamera yoyote. Ila angalieni tunachomwambia: asijenge, asichome mkaa, asilime mazao ya mizizi mirefu, atoe taarifa akiona mtu. Yote ni wajibu wake kwa bomba. Wajibu wa bomba kwake uko wapi? Bango la njano limeandikwa HATARI, lakini halimwambii kwamba akiona majani yanakauka mstari mmoja katikati ya masika, au mapovu kwenye dimbwi, huenda ni gesi. Halimwambii kwamba ule waya uliounganishwa kwenye bomba unapeleka umeme mdogo wa kulizuia lisiliwe na kutu, na kwamba anayeukata kwa ajili ya shaba anauza kinga ya kijiji kizima kwa bei ya chuma chakavu. Watu wakiambiwa sababu, hulinda kwa akili. Wakipewa amri tupu, wanalinda mpaka posho inapochelewa.

Bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, litaliweka suala hili kwenye mizani nyingine. Kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko kwetu, kupitia mikoa minane kuanzia Kagera. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, hivyo bomba limevikwa koti la kuhifadhi joto na litapashwa moto njia nzima. Mjadala wa bomba hilo hadi sasa umekuwa wa fidia na wa tabianchi, na sina nia ya kuurudia hapa. Nitataja moja tu: koti linalohifadhi joto linaweza pia kuficha maji yaliyopenya, na chuma chenye joto na unyevu chini ya koti kinalika bila kuonekana kutoka nje. Bomba la namna hiyo linataka pigi la mara kwa mara na wahandisi wetu wenyewe wanaojua kuyasoma majibu yake, badala ya kusubiri muhtasari wa kurasa mbili kutoka kwa mshauri aliye Ulaya.

Nini kifanyike? Naomba jambo moja, na halihitaji mkopo. Mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA kwa hapa kwetu na EPRA kwa Kenya, zitoe kila mwaka taarifa ya wazi kwa kila bomba kubwa: mara ya mwisho lilikaguliwa kwa ndani lini, kasoro ngapi zilihitaji kurekebishwa, ngapi zimerekebishwa na ngapi zinasubiri, uvujaji umetokea mara ngapi, na nani aligundua kwanza, mtambo au mwananchi. Hicho kipengele cha mwisho ndicho ningekifungua mapema kuliko vyote. Marekani, pamoja na makosa yao, takwimu za ajali za mabomba zipo wazi na mwandishi yeyote anaweza kuzipakua.

Nitaambiwa ni suala la usalama wa taifa. Silidharau; Mtwara inapakana na Cabo Delgado ya Msumbiji, na tunajua mashambulizi ya waasi yaliyotokea huko. Lakini hakuna anayeomba ramani ya valvu wala ratiba ya doria. Mhalifu hapati faida yoyote kwa kujua kwamba bomba lilikaguliwa mwaka jana na kasoro kumi zikazibwa. Anayepata shida na taarifa hiyo ni meneja ambaye hakukagua.

Songo Songo ndipo pa kuanzia. Gesi yake iligunduliwa mwaka 1974, ikafika Dar es Salaam mwaka 2004 kwa bomba linalotoka kisiwani, linapita chini ya bahari, kisha linakatiza nchi kavu zaidi ya kilomita 200. Mkataba wa miaka 20 wa Songas kuiuzia TANESCO umeme ulifika kikomo mwaka 2024, na leseni ya uzalishaji wa gesi iliyotolewa Oktoba 2001 ilikuwa ya miaka 25. Mikataba ya aina hii ikiisha, magari, majengo na kompyuta huhesabiwa mpaka viti vya ofisini, watu wakatia saini na kupeana mikono. Kwenye makabidhiano hayo ningependa kuona sanduku la matokeo ya pigi likiwekwa mezani kabla ya funguo za magari, na nakala yake ikipelekwa bungeni wiki hiyo hiyo.